Kunguni Niliowalipia Nauli

Kwa miaka 11 sasa kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima, na wakulima hawakai Posta, katikati ya Dar es Salaam. Wa tumbaku wako Urambo, Kaliua na Sikonge. Wa pamba wako Maswa na Meatu. Wa korosho wako Newala na Tandahimba. Kwa hiyo mimi ni mtu wa gesti. Nimelala gesti zenye bomba la mvua na zenye ndoo na kopo, na moja ambayo ukuta wake haukufika darini, nikasikiliza usiku kucha ugomvi wa mke na mume ambao hadi leo sijui uliishaje. Nilijiona nimehitimu. Kumbe somo la kunguni nilikuwa sijalianza.

Kunguni wa nyumbani niliwajua tangu utoto. Bibi yangu alilalia kitanda cha kamba, na Jumamosi mojamoja kilitolewa uani, kikamiminiwa maji yanayochemka kwenye maungio, na kiliporudishwa ndani kila mguu uliwekwa kwenye kopo lenye mafuta ya taa ili asipande mwingine. Sisi wajukuu tulishindana kuwachokoa kwa vijiti. Jirani akipita aliuliza, "Leo zamu ya kunguni?" na bibi akamjibu, "Njoo, maji yamebaki, nawe ukaanze wako." Hakuna aliyeinamisha uso. Aibu ilikuja baadaye, pamoja na magodoro ya sponji na sakafu za vigae. Siku hizi mtu akikuambia kwake kuna kunguni, unajikuta umeshasogeza kiti.

Juni 2018, msimu wa masoko ya tumbaku, mimi na dereva tulifika mji mmoja wa wilaya mkoani Tabora saa nne usiku, vumbi hadi kwenye nyusi. Gesti tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ilibakiwa na chumba kimoja chenye vitanda viwili, shilingi 25,000, feni, runinga, neti ya bluu. Vigae viling'aa na chumba kilinukia sabuni. Nikarusha begi kitandani, nikatoa mswaki na kaptula, nikaoga, nikalala. Hapo kwenye kurusha begi kitandani ndipo balaa lote lilipoanzia, ila nililijua hilo baadaye sana.

Kama saa tisa usiku niliamka najikuna. Nikawalaumu mbu, ingawa neti nilikuwa nimeichomekea vizuri. Asubuhi, kwenye mkono wa kushoto, nikakuta vipele vitatu vimejipanga kama vifungo vya shati, na vingine kiunoni pale mpira wa kaptula unapopita. Dereva hakuwa na hata kimoja. "Bosi, una damu tamu," akasema, akacheka hadi tunafika ghala la chama. Lakini shuka lake lilikuwa na vidoa vya damu kama langu. Wapo watu ambao ngozi zao hazioneshi chochote hata wakiliwa usiku kucha, na wapo ambao vipele vinachelewa siku kadhaa kutokea. Ndiyo maana mtu analiwa Jumatatu, halafu anakuja kukilaumu kitanda cha Ijumaa.

Jioni nilirudi mapokezi nimefura. Dada wa mapokezi hata hakuinua macho kutoka kwenye daftari la wageni. "Hapa kwetu hakuna hao wadudu, baba. Labda umekuja nao."

Nilipandisha sauti. Wageni waliokuwa wanakula chipsi nje wakageuka. Nikataja haki zangu, nikataja mpaka bwana afya wa wilaya, ambaye wala simjui. Akanipa chumba kingine kimyakimya, kinachopakana ukuta na kile cha kwanza, nikabeba begi langu na mkoba wa kompyuta nikahamia. Nililala hapo siku mbili zaidi bila kuumwa, nikajihesabu mshindi.

Kutoka pale nilikwenda Dodoma kuwasilisha taarifa, na wenyeji walinilipia hoteli ya shilingi 90,000, zile zenye kadi ya kufungulia mlango na ndala nyeupe za kitambaa. Usiku wa pili nikaumwa.

Nilishuka na hasira ya mtu aliyedhulumiwa mara mbili kwa wiki moja. Meneja alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa mnyororo. Hakubisha wala hakuomba radhi. Alipanda na mimi hadi chumbani, akawasha taa zote, akavua shuka mwenyewe, akainua godoro kona baada ya kona. Safi. Hakuna doa, hakuna gamba, hakuna kitu. Akauliza, "Umetokea wapi, baba?" Nikamwambia. Akavaa miwani yake. "Wahenga walishamaliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Naomba ruhusa tufungue begi."

Alilipeleka bafuni, akalilaza kwenye vigae vyeupe. Akachukua kadi ya mlango, akaipitisha taratibu kwenye ule ukanda wa kitambaa unaoshikilia zipu, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali asitoboe sufuria. Kwenye kona ya chini akatoka mmoja. Alikuwa bapa kama mbegu ya pilipili hoho, rangi ya mbegu ya ukwaju, na alitembea bila haraka. Meneja alilowesha kipande cha sabuni ya hoteli bombani, akamgusa nacho kwa juu, kunguni akanasa kwenye sabuni akipunga miguu. "Ukimponda kwenye begi anaacha damu na harufu," akaniambia. Kisha akanionesha kwenye uzi wa mshono vitu vyeupe vitatu, vidogo kuliko ufuta, vimegandia kama vimepakwa gundi. Mayai. "Huyu hana mabawa wala haruki. Anatembea tu. Kutoka Tabora mpaka hapa amebebwa na bega lako."

Nimekaripiwa na wakurugenzi na wenyeviti wa vyama, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia nikiwa nimechuchumaa kwenye vigae vile.

Hakunitoza faini, wala hakumwita mlinzi. Alileta mifuko mieusi ya taka, nguo zangu zote zikaingia humo, mifuko ikafungwa kabla ya kupita koridoni, zikaenda kufuliwa kwa maji ya moto kabisa. Begi lenyewe, ndani ya mfuko wake mweusi, lilianikwa juu ya paa tangu saa nne hadi saa kumi. Kunguni na mayai yake hawavumilii joto la nyuzi 50 na kuendelea, na jua la Dodoma likipiga mfuko mweusi, mle ndani hupashiki kwa mkono. Kitu kikubwa kama godoro ni habari nyingine: upande wa juani unaungua na wao wanahamia upande wa kivuli. Chumba changu alikifunga, na vya jirani, cha juu na cha chini vikakaguliwa mchana uleule. Nilipomuuliza kwa nini hakunikasirikia, akasema mgeni anayekuja kupiga kelele ni bora kuliko anayenyamaza akaondoka, kwa sababu anayenyamaza anamwachia kazi mgeni wa kesho.

Tangu siku ile nakikagua chumba kama ninavyokagua daftari la chama, yaani sianzi na ukurasa ulioandikwa vizuri. Shuka jeupe ndiyo ukurasa huo. Kufua shuka ni rahisi. Begi linabaki bafuni, au likining'inia kwenye msumari mlangoni, mpaka nimalize. Naanza upande wa kichwa, kwa sababu kunguni huja zinakotoka pumzi na joto la mtu, na hapendi kuishi mbali na mezani. Navua shuka kwenye kona mbili za juu, nawasha tochi ya simu na kuilaza iangaze kwa ubavu, nafuata mshono wa godoro kwa macho na kadi ya zamani ya benki. Simtafuti kunguni mwenyewe, maana mchana amelala. Natafuta mabaki yake: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ya wino, ambavyo ukivisugua kwa tishu mbichi vinapakaa badala ya kutoka kama vumbi, na magamba matupu, mepesi, rangi ya chai iliyokosa majani. Kisha ubao wa kichwani, hasa nyuma, kama haujapigiliwa ukutani. Kisha chaga. Mafundi wetu wa vitanda wanapenda kuacha mianya kati ya chaga na mbao za ubavuni, na matundu ya misumari iliyokosewa. Kila tundu ni chumba cha kulala cha mtu. Pindo la pazia na ukingo wa picha ya ukutani navipitia harakaharaka. Yote hayo ni dakika tano. Dereva ananicheka hadi leo.

Neti usiitegemee kwa kazi hii. Neti inazuia anayetoka nje, na huyu yuko ndani tayari, mmelala wote mnachungulia mbu. Na dawa iliyomo kwenye neti? Zaidi ya miaka 20 iliyopita, watafiti waliokuwa wakifuatilia vyandarua vyenye dawa kwenye vijiji vya Tanga waligundua kwamba kunguni wa huko wameizoea dawa ile. Mwanzoni watu walizipenda neti zile si kwa ajili ya mbu tu, bali kwa sababu zilimaliza kunguni; kunguni walioponea wakazaa walio sugu, wakarudi. Babu zao walishaifanyia hivyohivyo DDT, dawa ya wadudu ya zamani. Kwa hiyo mhudumu akikuambia chumba kimepuliziwa jana, mshukuru, halafu washa tochi.

Bei ya chumba haisemi kitu. Kunguni hanusi uchafu, ananusa pumzi. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa kwenye taarifa za habari, watu wanakagua viti vya treni na vya sinema kabla ya kukaa. Vumbi na makorokoro vinampa maficho zaidi, basi. Na jambo moja limenipunguzia hofu: hakuna ushahidi kwamba kunguni anaambukiza malaria au Ukimwi. Anakunyima usingizi na anakuachia vipele. Vyangu viliisha ndani ya wiki mbili, kwa maji baridi na kujizuia kujikuna, ambako ndiko kugumu.

Sasa nirudi kwangu Morogoro, maana nilifika nyumbani nikijisifu. Begi lilikuwa limeanikwa, nguo zimechemshwa. Nikamsimulia mke wangu yote, tukacheka, na wakati tunacheka mkoba wangu wa kompyuta ulikuwa kwenye kochi la sebuleni. Mkoba ule una mifuko isiyopungua kumi. Kule Tabora ulilala chini ya mto wangu, kwa kuogopa wezi. Dodoma hakuna aliyeufungua, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kusahau.

Wiki kama sita zikapita. Mtoto wetu wa mwisho, anayependa kusinzia kochini, akaanza kutoka vipele shingoni. Tukabadilisha sabuni, tukaacha kumpa dagaa. Siku mke wangu alipogeuza mto wa kochi na kuona vidoa vyeusi, alinipigia simu nikiwa Kilosa, akasema sentensi moja tu: "Wageni wako wamejifungua." Hesabu ilikubali vizuri sana. Jike hutaga mayai machache kila siku, kwa joto letu yanaanguliwa baada ya wiki hivi, na kila mtoto lazima anywe damu mara tano, akijivua gamba kila mara, ndipo awe mkubwa. Mwezi mmoja na nusu, ukoo umesimama.

Tulifanya kila kosa linalofanywa na watu wenye aibu. Tulinunua dawa kwa yule kijana wa kipaza sauti, "mende, kunguni, viroboto, panyaaa," kichupa kisicho na lebo, tukapulizia usiku milango imefungwa ili jirani asinuse. Waliokuwa juu wakafa. Waliobaki wakapita ukutani, tukawakuta chumba cha watoto. Tukarudia, mara hii tukakohoa wiki nzima. Mke wangu akahamisha kikao cha kikoba mara mbili, kwa udhuru ambao hata mimi nisingeuamini. Dada yangu alipotaka kuja kulala nikamwambia tuna ukarabati.

Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, vyumba mfululizo, familia nne, dari moja. Asubuhi moja bombani mke wangu alichoka. Akamwambia mama wa mlango wa pili, akitegemea ndoo isogezwe. Yule mama akaweka ndoo chini. "Mwenzangu! Kumbe na wewe?" Alikuwa nao tangu Januari, akilaumu kochi la mtumba. Wa mlango wa tatu alikuwa akiwachoma kwa mshumaa kila usiku. Kwa wiki kadhaa familia tatu tulikuwa tunapuliziana kunguni kupitia ukuta uleule, kila mmoja akifunga dirisha lake ili wenzake wasijue. Nani aliwaleta kwanza, mimi au kochi la mtumba? Mke wangu anasema swali hilo halina faida. Mimi naliona lina faida sana, ila nimeacha kuliuliza.

Jumamosi iliyofuata vitanda vyote vilitoka uani kwa pamoja, na ningependa bibi angeyaona masufuria yale. Maji yanayochemka kwenye mbao, pasi ya moto kwenye mishono ya magodoro na mapazia, mapengo ya ukuta yakazibwa kwa saruji nyeupe, kochi la mtumba likachomwa moto bila hotuba. Ndipo tukachanga na kumwita mpulizaji mwenye kazi yake, kwa nyumba nzima, mara mbili, wiki mbili kati. Ile ya pili ndiyo muhimu. Dawa nyingi haziui mayai, ukipuliza mara moja umewapunguzia wazazi tu. Kufikia Oktoba mtoto alikuwa anasinzia kochini kwa amani.

Juni iliyofuata kazi ikanirudisha Tabora. Ningeweza kutafuta gesti nyingine. Nikaenda kwenye ileile, na dada yuleyule alikuwa mapokezi. Alinikumbuka mara moja, nikaona anavyojiandaa. Nikamwambia, "Mwaka jana nilikupigia kelele mbele za watu. Naomba unisamehe. Nilitoka na kunguni hapa, nikawapeleka Dodoma, nikawapeleka nyumbani." Akaangalia nje kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba kile kilikuwa nao kweli, walijua, na walikuwa wameagizwa wakatae. Mwenye gesti alikuwa amepuliza dawa ya shambani, ile ya tumbaku, ndani ya vyumba. Kunguni hawakuisha, ila msichana wa usafi alitapika siku mbili. Dawa ya shamba ni ya shamba. Mle ndani mtu analala, anaivuta usiku kucha na kuilalia kwa ngozi tupu.

Akanipa ufunguo wa namba 3, upande wa pili wa uwanja. "Twende ukanioneshe hiyo tochi yako," akasema. Tukaacha mlango wazi. Yeye alishika godoro, mimi nikafuata mshono kwa kadi. Nikamwonesha mahali pa kuangalia kwenye chaga, nikamweleza habari ya sabuni, ya mfuko mweusi juani, ya kutomhamishia mgeni chumba kinachopakana ukuta. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mazuri kuliko wenyeviti wengi wa bodi ninaokaa nao. Hatukukuta kitu. Nikakung'uta mikono, nimeridhika, nikaanza kumsimulia kwamba kosa kubwa kuliko yote ni mtu kuingia na kuweka mzigo kitandani kabla hajakagua.

"Sawa, baba," akasema, akinyoosha kidole nyuma yangu, kwenye kitanda cha pili. "Na huo mkoba wa kompyuta?"